Majina Matano ya Chuo cha Tudor, Mombasa

Chuo kilichoko Tudor, kisiwani Mombasa, kimeitwa kwa majina matano. Kiliasisiwa mwaka 1948 kwa jina la Mombasa Institute of Muslim Education, na watu wa pwani wakalifupisha wakasema MIOME. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, na mwaka 1972 Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kilifanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na Januari 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Majina matano katika miaka 65, na kila jina lilikuja na serikali mpya au na sera mpya ya serikali ile ile.

Tumeamua kuisimulia habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, miongoni mwa wasomaji wetu walioko Muscat, Dubai, London na kwengineko wamo ambao baba zao, au babu zao, waliijua MIOME kwa macho yao, na kwao jina hilo halijafa. Ya pili, siku hizi panazungumzwa sana juu ya vyuo vikuu na namna vinavyopaswa kwenda sambamba na sera za serikali huku vikibaki na uwajibikaji. Uwajibikaji ni neno la juzi. Wazee wetu wakisema kutoa hesabu, na Waarabu wana muhasaba. Kwa maneno yoyote, suali ni lile lile: chuo kinapobadilika ili kiendelee kuishi, ni nani anayebaki na haki ya kukiuliza? Ili tusipotee katika majina, tutashika dalili tatu kila tufikapo kwenye zama mpya: nani anatunga na kusahihisha mitihani, nani anaweka sahihi kwenye cheti, na nani anakagua fedha.

Kwanza tuseme haja ilitoka wapi. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake 1947, alikuwa amekwisha kulia kilio hiki miaka mingi kabla. Mwaka 1930 alianzisha karatasi aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 akatoa gazeti la al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwakumbusha Waislamu wa pwani kwamba dunia imewaacha nyuma kwa elimu, na kwamba kujifunza elimu za kisasa hakupingani na dini. Watu wa pwani waliona wenyewe jinsi wasomi wa shule za misheni kutoka bara walivyokuwa wakishika kazi za ofisini na za ufundi katika bandari na reli, katika mji ambao wao wenyewe wakiuita wao. Wazee wengi walikataa kuwapeleka watoto shule za misheni kwa kuchelea dini yao, na shule za serikali kwa Waarabu na Waswahili zilikuwa chache na zilikomea chini. Hatuwezi kuwalaumu wazee wale kwa woga wao, lakini gharama yake ililipwa na vizazi viwili.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mambo yalianza kusogea. Mwaka 1945 Aga Khan wa tatu, Sultan Muhammad Shah, aliasisi mjini Mombasa jumuiya ya East African Muslim Welfare Society ili kusaidia ujenzi wa misikiti na shule. Kutokana na mazungumzo kati yake, Gavana wa Kenya Sir Philip Mitchell, na Mtukufu Sultan wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, ikazaliwa fikra ya chuo cha ufundi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki nzima. Kiongozi wa Mabohora, Sayyidna Taher Saifuddin, alichangia, na Wizara ya Makoloni ya Uingereza nayo ikatia mkono. Majengo yakasimamishwa Tudor kwa mtindo wa Kiislamu, na wanafunzi wa mwanzo wakaingia Mei 1951.

Msomaji azingatie jambo moja hapa, maana ndilo litakalotufuata hadi mwisho. Fedha ya Waislamu na fedha ya dola zilichanganywa tangu jiwe la msingi. Sultan alitoa kama mfalme wa nchi, kwani ukanda wa pwani ya Kenya ulikuwa bado milki yake kisheria, ukitawaliwa na Waingereza kwa mapatano ya 1895, na bendera yake nyekundu ikipepea Mombasa. Alitoa pia kama Muislamu anayesaidia Waislamu. Aga Khan na Sayyidna walitoa kama viongozi wa jamaa zao. Gavana alitoa kwa hesabu za utawala: alitaka mafundi, na alitaka Waislamu wa pwani wasizidi kubaki nyuma. Wanne hawa walikuwa na nia nne, na kila mmoja akijiona mwenye dhamana. Mradi walikuwa hai na wakiandikiana barua, mpango huo ulifanya kazi. Haukuandikwa kwa ajili ya siku ambayo hawangekuwapo.

Katika zama hizo mtu asidhani kuwa chuo kilijitegemea. Ustadi wa mafundi wa Kenya ulipimwa kwa mitihani ya City and Guilds ya London, na karatasi iliyopigwa muhuri London ndiyo iliyomfungulia kijana mlango wa kazi. Kwa hivyo hata chuo kilichoitwa cha Waislamu, chenye jina la Sultan katika orodha ya wafadhili wake, kilitoa hesabu ya ufundi wake kwa watahini wa Kiingereza ambao hawajapata kuiona Tudor. Wanafunzi walilielewa hilo vizuri kuliko wafadhili.

Kuna kijana mmoja wa MIOME ambaye hakuwa mwanafunzi. Ali, mwana wa Sheikh al-Amin tuliyemtaja, alizaliwa Mombasa Februari 1933. Matokeo yake ya Cambridge School Certificate yalikuwa ya daraja la tatu na hayakumtosha kuingia Makerere. Akapata kazi ya ukarani pale Tudor. Siku ya Maulidi aliombwa kusema juu ya Mtume, rehema na amani zimshukie, na Gavana Mitchell alikuwapo akisikiliza. Kutokana na hotuba ile Gavana akamsaidia apate nafasi ya kusoma Uingereza. Mwaka 1955 akaenda Huddersfield, kisha Manchester, kisha Columbia huko New York, na mwishowe Oxford, ambako alipata udaktari wake mwaka 1966. Leo kisa hiki kinasimuliwa kama bahati njema, nayo ilikuwa bahati. Lakini tukitazame kwa jicho la mwanahistoria: mlango uliofungwa na kanuni za Makerere ulifunguliwa na mtu mmoja mwenye cheo aliyependezwa na hotuba. Namna hiyo ndivyo mambo yalivyokwenda chini ya ukoloni. Aliyekuwa na sikio la Gavana alipata, na asiyekuwa nalo hakuwa na mahali pa kwenda kuuliza.

Sasa tufike kwenye miaka iliyogeuza kila kitu. Aga Khan alifariki Julai 1957. Sayyid Khalifa bin Harub alifariki Oktoba 1960, baada ya kutawala karibu miaka 49. Mitchell, aliyekwisha kuacha ugavana tangu 1952, alifariki Oktoba 1964. Sayyidna Taher Saifuddin alifariki Novemba 1965. Jina la MIOME lilipofutwa mwaka 1966, katika wale wanne hapakuwa na hata mmoja aliye hai wa kuulizwa au wa kuuliza. Na kiti cha Sultan chenyewe kilikuwa kimekwisha kupinduliwa Januari 1964, habari ambayo wasomaji wetu hawahitaji kusimuliwa.

Kabla ya mapinduzi hayo kulikuwa na barua. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Sheikh Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua juu ya ukanda wa pwani, na kwa mapatano yale milki ya Sultan juu ya pwani ikaondoka na ardhi ikawa ya Kenya. Barua zile zina ahadi zinazojulikana: uhuru wa dini, kubakishwa kwa mahkama za makadhi, watawala wa Kiislamu katika sehemu za Waislamu kwa kadiri inavyowezekana, kutambuliwa kwa hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa, na kufundishwa Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu pamoja na kuendelea kwa ruzuku kwa shule zao za msingi. Kila mwaka huandikwa makala juu ya ahadi hizi, na zaidi juu ya makadhi na ardhi. Ambalo halisemwi ni kwamba chuo cha Tudor hakimo. Ahadi ya elimu inakomea shule ya msingi. Waliokaa mezani walikumbuka alifu na bee za mtoto mdogo, na chuo kikubwa kuliko vyote walivyojengewa Waislamu wa pwani wakakiacha nje ya maandishi. Huenda walikiona kiko salama mno. Vyovyote iwavyo, MIOME iliingia katika Kenya huru bila hata mstari mmoja wa mapatano wa kuilinda. Ingeishi kwa kujibadilisha, au isingeishi.

Ikajibadilisha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 milango ilikuwa imefunguliwa kwa vijana wa Afrika Mashariki bila kujali dini wala kabila. Desemba 1963 serikali mpya iliunda tume ya elimu chini ya Profesa Simeon Ominde, na ripoti yake ya kwanza, ya mwaka 1964, ilitaka elimu ya umma iwe ya taifa moja, isiyogawanya watoto kwa rangi wala kwa dini. Sera hiyo haikuilenga MIOME peke yake. Shule za makanisa ziliguswa zaidi, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikazifanya za serikali, makanisa yakibaki na heshima ya ufadhili. Mwaka 1966 neno Muslim likaondoka kwenye lango la Tudor na mahali pake pakaja neno Technical.

Juu ya hili watu wetu wamegawanyika, na katika baraza za ughaibuni tumeyasikia maneno makali. Wapo wanaosema kwamba mali ya Waislamu ilichukuliwa. Sisi hatukubaliani nao kikamilifu. Katika mji wa bandari wenye watu wa kila dini, chuo kinachokula fedha ya serikali kisingeweza kumfungia mlango mtoto wa Mtaita au wa Mgiriama kwa sababu si Muislamu, na waliofungua mlango ule walitenda haki. Tena ile fedha ya Wizara ya Makoloni ilitoka katika hazina ya dola, si katika mfuko wa msikiti. Lakini wenye malalamiko nao wana hoja ambayo haijajibiwa. Kanisa lililokabidhi shule yake mwaka 1968 lilibakishiwa kwa sheria sauti ya mfadhili katika bodi. Chuo cha Tudor kilipohamia mikononi mwa serikali, wafadhili wake walikuwa wamekufa au wamepinduliwa, na Waislamu wa pwani, ambao kwa ajili yao fedha ile ilitolewa, hawakuwa na chombo kimoja kinachotambulika cha kukaa kwenye kiti hicho. Haki ya kuuliza haikupokonywa mtu kwa nguvu, ilibaki bila wa kuishika.

Na tusiisahau jirani yetu Tanzania. Ile jumuiya ya Aga Khan, East African Muslim Welfare Society, makao yake makuu yalikuwa yamehamia Dar es Salaam mwaka 1961. Mwaka 1968 serikali ya Tanzania iliipiga marufuku na nafasi yake ikachukuliwa na BAKWATA. Ilikuwa na mipango ya elimu ya juu ya Waislamu, na mipango hiyo ikafa nayo. Tukiweka habari mbili hizi pamoja tunaona kuwa chuo cha Mombasa, kwa kulitoa neno moja kwenye jina lake, kilinunua miaka mingi ya uhai. Bei ilikuwa kubwa au ndogo kwa kutegemea anayehesabu.

Kuanzia 1972 kikawa Polytechnic, mmoja wa ndugu wawili wa mwanzo pamoja na Kenya Polytechnic ya Nairobi. Hii ndiyo zama waliyoijua wengi walio hai leo, na pengine ndiyo zama chuo kilipofanya kazi yake vizuri kuliko zote: kutoa mafundi na watu wa stashahada kwa bandari, kwa viwanda vya Changamwe na kwa hoteli za pwani. Watahini wa London waliondoka pole pole, na mwaka 1980 likaundwa Baraza la Mitihani la Kenya, ambalo cheti chake kikashika nafasi. Dalili zetu tatu sasa zilielekea upande mmoja: mtihani Nairobi, sahihi Nairobi, fedha Nairobi. Mkuu wa chuo aliteuliwa na kuondolewa na wizara. Mzazi wa Majengo au wa Kisauni aliyekuwa na malalamiko juu ya nafasi za masomo alitakiwa kufunga safari ya karibu kilomita 500, na akifika akute ofisi isiyolazimika kumjibu. Ni miaka hiyo hiyo ambapo Oman ya Sultan Qaboos, tangu 1970, ilikuwa ikiwaita watu wake waliotawanyika, na mwenye ufundi mkononi na Kiingereza kinywani hakukaa siku nyingi Muscat bila kazi. Cheti cha ufundi kutoka Afrika Mashariki kikawa na maana mpya ng'ambo ya bahari, jambo ambalo hakuna sera iliyolikusudia.

Inafaa tukumbuke kuwa zama hizo zilikuwa ngumu zaidi kwengine. Karani wa zamani wa MIOME alikuwa profesa Makerere, na huko aliona chuo kikuu kikitoa hesabu kwa mtu mmoja mwenye bunduki. Idi Amin alikuwa Rais wa Uganda na pia Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1972 makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakurudi tena. Mazrui akaondoka Uganda mwaka uliofuata, akaenda Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, ambako wasimamizi wakuu wa chuo huchaguliwa na wananchi wa jimbo kwa kura. Hatujui mtu mwengine wa pwani yetu aliyeonja ncha zote mbili kwa karibu namna ile.

Kenya haikufika huko, lakini nayo ilikuwa na desturi yake. Kila chuo kikuu cha umma kilikuwa na Mkuu mmoja, naye ni Rais wa nchi. Rais Moi alivitunuku shahada vyote, na makamu wakuu wa vyuo walimtazama yeye. Migomo ya wanafunzi ilikuwa mambo ya usalama wa dola, na vyuo vilifungwa kwa amri. Baada ya uchaguzi wa 2002 Rais Kibaki aliacha cheo hicho, na vyuo vikapewa wakuu ambao si marais. Kwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, mwaka 2003, aliteuliwa Profesa Ali Mazrui, akiwa bado anafundisha Binghamton, New York.

Hapo ndipo historia inapofunga fundo ambalo mtunzi wa hadithi angeogopa kulifunga. Agosti 2007 serikali iliifanya Mombasa Polytechnic kuwa chuo kikuu kishiriki, na mama yake akawa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Kijana aliyekuwa akipanga mafaili pale Tudor, ambaye daraja la tatu lilimnyima Makerere, alikuwa sasa Mkuu wa chuo kikuu kinachokilea chuo chake cha zamani. Alikaa katika cheo hicho hadi 2009. Aliaga dunia Oktoba 2014 Marekani, akaletwa Mombasa na kuzikwa katika makaburi ya Wamazrui karibu na Ngome.

Kwa pwani, mwaka 2007 ulikuwa na uzito wa pekee. Hadi hapo mkoa ulikuwa na matawi ya vyuo vya kwengine, bila chuo kikuu cha umma chake wenyewe, miaka 44 baada ya uhuru. Mwaka huo huo Kilifi nayo ilipata chuo kishiriki, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Pwani. Vyote viwili vilikamilika Januari 2013, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Tudor ikapata seneti yake, ikawa kwa mara ya kwanza katika maisha yake inatunga mitihani yake na kutia sahihi vyeti vyake bila London wala Nairobi.

Na dalili ya tatu, fedha? Hapa ndipo mabadiliko makubwa yalipotokea, na ndipo yasipoonekana. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akague kila chombo cha umma na kupeleka ripoti Bungeni. Ripoti hizo ni za wazi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 ikaeleza namna ya kuziomba. Ina maana kwamba mkaazi wa Majengo leo ana njia ambayo babu yake hakuwa nayo chini ya Sultan, wala chini ya Gavana, wala chini ya wizara. Kwa watu wetu wa ng'ambo kuna tanbihi. Katiba hiyo hiyo imeruhusu uraia wa nchi mbili, na hilo linawafaa walioko Uingereza na Marekani. Walioko Oman na wamekwisha chukua uraia wa Oman hali yao ni nyengine, kwa kuwa Oman kwa kawaida hairuhusu uraia wa pili, na hivyo kwa chuo ambacho babu zao walikichangia wao ni wageni.

Mabadiliko hayo hayakuja bila hasara. Mafundi waliohitajika na bandari hawakupungua kwa sababu chuo kimekuwa chuo kikuu. Tudor iliendelea kutoa vyeti na stashahada pamoja na shahada, na tunaisifu kwa hilo, lakini mvuto wa shahada ni mkubwa kwa mzazi na kwa mwalimu. Baada ya miaka michache serikali ilijikuta ikikipandisha daraja chuo kingine cha ufundi cha Mombasa kuwa Kenya Coast National Polytechnic, kushika nafasi ile ile iliyoachwa. Ilikuwa kama mtu aliyeifanya jiko kuwa sebule, kisha akatafuta pa kupikia.

Serikali nayo haijatulia. Mwaka 2023 ulitangazwa mpango mpya wa kugharimia wanafunzi, kila mmoja akipangiwa msaada, mkopo na sehemu ya wazazi kwa kupimwa hali ya nyumba yao. Vyuo vikabadilisha hesabu zao kwa haraka, na wazazi wengi wakalalamika kwamba watoto wao wamewekwa tabaka wasilolistahiki. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kuwa mpango ule ni kinyume cha katiba, na mabishano yakaendelea kwenye rufani. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha tofauti na 1966. Wakati ule sera ilishuka na jina likabadilika, basi. Mara hii sera ilishuka, na watu wakaipeleka mbele ya jaji.

Bado kuna kiti ambacho hakijakaliwa. Baraza la chuo kikuu cha umma huteuliwa kwa utaratibu wa sheria ya taifa, na ndani yake hakuna nafasi ya waasisi. Chuo chenyewe hakiifichi asili yake na hulitaja jina la MIOME kinapoeleza historia yake. Kutaja ni jambo jema. Lakini anayetaka kujua nani alitoa nini, kwa masharti gani, na masharti yale yalifanywa nini mwaka 1966, atalazimika kuzitafuta karatasi Nairobi katika Nyaraka za Taifa, Zanzibar katika nyaraka za Kilimani, na London kule Kew, ambako faili za Wizara ya Makoloni zimehifadhiwa. Karatasi hizo zitampa upande wa watawala. Upande wa wanafunzi, yaani vyeti vya zamani, picha za darasa, barua za wazazi, daftari za mazoezi zenye muhuri wa MIOME, haumo katika nyaraka hizo. Umo masandukuni mwa jamaa, na nyingi katika jamaa hizo haziko tena Mombasa.

Jarida hili limeanza kukusanya nakala za vitu hivyo. Mwenye cheti cha mzee wake, chenye jina lolote katika yale matano, atutumie picha yake safi, mbele na nyuma, pamoja na mwaka na jina la kazi aliyoifanya baadaye. Asili abaki nayo mwenyewe. Tunatafuta hasa vyeti vya kati ya 1951 na 1966, na orodha yoyote ya wanafunzi waliotoka Zanzibar, Pemba, Tanganyika na Uganda, kwani chuo kile hakikujengwa kwa ajili ya Mombasa peke yake.